Mvinyo wa Hispania Niliounusa Bila Kuuonja

Siku ya kwanza kazini, kwenye hoteli ya wageni pale Utende, kisiwani kwetu, Mpishi Mkuu alinipa glasi za mvinyo nioshe. Nilikuwa nimetoka Ndagoni, elimu yangu darasa la nne. Glasi zile zina mguu mwembamba, ukizisugua kama sufuria unabaki na mguu mkononi. Sikuvunja hata moja. Ndiyo maana nikapelekwa stoo ya vinywaji.

Meneja wa kwanza, Mhispania mtu mzima, alinifundisha mvinyo mwekundu wa kwao. Chupa hulazwa, kizibo kisikauke. Kabla ya chupa, mvinyo hukaa miaka kwenye pipa la mti uitwao mwaloni, na pipa huuachia harufu yake. Nilimwambia mimi Mwislamu, sinywi.

"Na pua imekatazwa?"

"Pua hapana."

"Basi nusa."

Yeye alitaja matunda ya kwao nisiyoyajua. Mimi nikasema zambarau zilizoiva mno, nyuma yake ukwaju, chini kabisa vanila na kiatu kipya cha ngozi. Akaandika. Ukakasi, ule wa kukausha ulimi kama bibo bichi, niliusoma kwenye nyuso za wageni: mvinyo mchanga huwakunja midomo, uliokomaa huwapita kimya. Ulioharibiwa na kizibo unanuka gunia lililolowa.

"Ila udi na marashi basi," akasema. "Vinaziba pua."

Nikaviacha, miaka yote ya kazi. Harusini wifi yangu alininusa begani.

"Wifi, hunukii kitu. Umekaa eda na kaka yangu yu hai?"

"Kesho nina kazi."

"Kazi gani ya kumnyima mume harufu?"



Meneja wa pili alikuwa kijana kutoka bara.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Anayeshika mvinyo lazima aonje. Usipoonja, kesho unarudi kuosha vyombo."

"Marahaba. Sionji."

Mchana huohuo alifungua chupa mwenyewe, akaonja, akatikisa kichwa kuridhika. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Gunia," nikasema. "Usiipeleke."

"Nimeonja mimi, mama."

Akaipeleka. Mgeni alinusa mara moja, akaisukuma glasi. Meneja akarudi na chupa, amenywea.

"Umejuaje?"

"Wewe umejipulizia marashi, mwanangu. Unanusa shingo yako."

Habari ya kuonja ikaishia hapo. Funguo za stoo nilikaa nazo mpaka nilipostaafu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaambiwa mvinyo ni ulimi. Ulimi huja mwisho. Waliosema hata kubeba chupa ni haramu walisema, na mimi sikubishana nao. Nitajibu mwenyewe mbele ya Mungu.

Siku niliyorudisha funguo nilifukiza udi, nguo na nywele, nyumba nzima. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na eda yake nilikuwa nimeimaliza zamani. Wifi alikuja, akaketi karibu yangu, akavuta pumzi. Safari hii alilaza kichwa begani kwangu.