Karatasi ya Hospitali Imekaa Siku Tisa Bila Sahihi Yangu

Mhariri, niwie radhi kwa kimya cha miezi mingi. Barua yangu ya mwisho katika ukurasa huu iliwalaumu wazazi wanaolea watoto wavivu, wanaosinzia darasani. Leo naomba jina langu lifichwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kebirigo, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. Binti yangu, nimwite Kemunto, ana miaka minane na yumo darasani mwangu. Maneno yake hayatoki sawasawa, na kila siku kabla ya saa nne huwa amelaza kichwa juu ya dawati. Nilimchapa kama nilivyowachapa wengine. Akilia, "Tata, sikulala," nilimwambia kwamba shuleni mimi si baba, ni Mwalimu, nikamwongezea kiboko kwa kusema uongo.

Sikujua analalaje. Kwetu msichana wa umri huo hulala kwa nyanya yake, na baba hakanyagi huko. Mama yangu, anayelala naye, alimsikia akikoroma kila usiku, naye alifurahi. Mtoto amepewa jina la marehemu nyanya yangu, mama mzazi wa Mama, aliyejulikana kijiji kizima kwa kukoroma. "Ni yeye kabisa!" Mama huwaambia majirani. "Hata kunyamaza katikati, alinyamaza hivyo hivyo, halafu anashtuka kama ng'ombe aliyekanyagwa. Mama yangu amerudi nyumbani."

Mwezi uliopita, Sabato mchana, tulipotoka kanisani, mtoto alisinzia mkekani uani. Kifua kilipanda na kushuka, lakini pumzi haikupita. Midomo ilibadilika rangi. Kisha akavuta hewa kwa kishindo, akaendelea kulala. Nilisimama pale. Sikuhisi kitu, na hadi leo sihisi.

Daktari mjini Kisii alimtazama kinywani. Alisema ukano ulio chini ya ulimi ni mfupi, nao ndio unaoharibu matamshi. Kinachoziba pumzi ni mafindofindo yaliyovimba kooni. Ndiyo maana usingizi haumpumzishi. Atakata vyote viwili kwa siku moja. Hakunificha kwamba mtoto anaweza kutokwa na damu nyingi. Alinipa karatasi nitie sahihi.

Mama alipopata habari alikuja kwangu. "Mwalimu," aliniambia, yeye ambaye hajapata kuniita hivyo, "unataka kumkata mama yangu koo? Ukifanya hivyo, siku yangu ikifika usinizike wewe."

Alipoondoka, mke wangu alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Ulipomchapa hukumwomba Mama ruhusa," alisema.

Nilikwenda kukamua ng'ombe.

Wasomaji mliowahi kulivunja neno la mzazi kwa ajili ya mtoto, na ninyi mliolitii mkajuta, nipeni shauri: nimfuate nani? Kitanda cha Kemunto hospitalini kitashikiliwa hadi mwisho wa mwezi. Nikishatia sahihi, au nikishairudisha karatasi ikiwa tupu, nitawaandikia.