Klorofomu ya Pombe ya Mtama

Wakati wa vita vya Wazungu, njia ya baharini ilipofungwa, dawa zilikoma kufika Dodoma. Daktari wetu Mjerumani akaamua tutengeneze wenyewe klorofomu, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie kisu. Mimi, mtumishi wa wodi kutoka Kondoa, nilichochea moto.

Tulichemsha pombe ya mtama na kukinga mvuke wake hadi tukapata spiriti. Tukaichanganya na maji na unga wa klorini, ule wa kusafishia maji ya kunywa, kisha tukaipasha moto polepole, maana ikiharakishwa hufura povu na kumwagika. Kilichodondoka kutoka kwenye bomba kilikuwa kizito, kikazama chini ya maji, na harufu yake ilikuwa tamu. Tulikisafisha, tukakitia katika chupa nyeusi kwa sababu mwanga hukiharibu. Kilikuwa bado hakijajaribiwa kwa mtu yeyote.

Wa kwanza alikuwa mfugaji Mgogo ambaye mguu wake ulikuwa umeoza, lazima ukatwe. Mkewe aliketi nje, chini ya dirisha. Mgonjwa aliniambia kifo hakimtishi. Alichoogopa ni kisu kumkuta macho, mkewe amsikie akilia.

Daktari alitaka mgonjwa ahesabu namba kwa sauti, akinyamaza, akatwe. Akakataa. Hakuwahi kuhesabu hata ng'ombe wake, kwao ni mwiko.

“Nyie watu wa milima ya Kondoa ndio mnaohesabu,” akanitania. “Hesabu wewe, mimi nilale.”

Nikamwomba awataje ng'ombe kwa rangi zao. Nikamfunika pua kwa kitambaa, nikaanza kudondosha. Akamtaja mwekundu mwenye baka, mweusi wa pembe moja, wa kijivu. Akanyamaza. Daktari akainua kisu.

Nami niliona vidole vya mgonjwa bado vinatembea juu ya shuka, kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

“Bado, Bwana Daktari,” nikasema. “Hajamaliza zizi.”

Kweli akaendelea. Nikaongeza matone machache tu, nikihofia moyo wake usije ukasimama. Akamtaja mweusi yuleyule mara tatu, sauti ikafifia. Nikamgusa kope, hakupepesa.

“Sasa,” nikamwambia daktari.

Kazi ilipokwisha nilitoka. Mkewe alikuwa amesimama, midomo imemkauka.

“Sikumsikia,” akasema. “Niambie tu, kaka.”

“Amelala, dada.”

Hakuniamini. Aliingia, akaweka kiganja mbele ya pua ya mumewe, akakiacha hapo muda mrefu bila kuutazama mguu.