Dada Yangu Moraa na Neno la Kale

Mpaka leo nikinusa majani mabichi ya chai yaliyolowa mvua, hugeuka nyuma kana kwamba nimeitwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nyumbani kwetu karibu na Nyaramba, na dada yangu Moraa alikuwa na kumi na saba. Akili yake ilibaki ya mtoto. Alichuma chai kutwa bila kulalamika, akimchekea kila mtu: mchungaji, mbwa, hata waliomtupia maneno. Sisi watoto tulimwita "silly", Kiingereza chetu cha shule. Baba, mwalimu mstaafu aliyeipenda kamusi yake kubwa karibu sawa na Biblia, alitukalisha chini Sabato moja baada ya kanisa. "Hilo neno mnalomwitia Moraa," alisema, "Waingereza wa kale walilitamka 'sælig', yaani mwenye furaha, aliyebarikiwa. Likashuka likawa mpole, likashuka likawa wa kuhurumiwa, mwisho likawa mjinga. Kosa si la neno, wanangu. Ni la watu." Moraa akacheka kwa kusikia jina lake.

Yaliniingia sikio hili yakatokea lile. Wiki hiyohiyo tulipeleka chai kwenye kituo cha kupimia, nikawakuta wasichana wa shule yangu mpya, ambao niliutamani mno urafiki wao. Moraa akaja mbio, kikapu mgongoni, akiniita kwa furaha. "Huyo ni wa kwenu?" mmoja akauliza. Nikajibu, "Aka! Simjui." Alisikia. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiacha kucheka. Nikaondoka nao nikamwacha pale, ingawa nilijua hakuwahi kurudi nyumbani bila kushikwa mkono. Mvua ya mawe ikanyesha. Jioni walimkuta akitetemeka chini ya migomba ya watu. Nilijiambia nitamwomba msamaha Sabato, nikishapata ujasiri. Nimonia ilimchukua Ijumaa.

Mkataa kwao ni mtumwa, na utumwa huo ninao. Waingereza walitumia mamia ya miaka kulishusha neno lile. Mimi nilimshusha dada yangu kwa pumzi moja. Binti yangu wa kwanza nilimpa jina la marehemu, kama ilivyo desturi yetu Wakisii. Kila jioni nasimama mlangoni nikiita kwa nguvu, "Moraa! Mwanangu, njoo!" ili majirani wote wasikie kuwa ni wangu. Mtoto huja mbio akicheka, nikamkumbatia, nikamficha uso wangu. Anayeitika si yule niliyemkana.