Ndoo ya Uji Iliyoandikwa EXPORT

Niseme mapema ili tusisumbuane: Kiingereza kile kwenye ndoo nilikiandika mimi. Hakuna aliyenituma, na shetani siku hiyo alikuwa na shughuli zake nyingine. Nilikuwa na maka peni niliyoiazima darasani bila kumsumbua mwalimu kwa kumwomba, nilikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko, na nilikuwa na muda wa kupoteza nyuma ya banda la matunda pale stendi ya Bugarama. Mtu mwingine angenunua ndizi akala. Mimi nikaandika.

Ndani ya ndoo mlikuwa na unga wa ulezi wa dada yangu. Dada ameolewa Runzewe, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Maziwa yalikuwa yanamtoka kwa kusitasita, kama maji ya bomba la shuleni kwetu, na dawa ya mambo hayo nyumbani kwetu ni moja tu: uji wa ulezi, mzito, asubuhi na jioni. Mama alikuwa ameshamtumia unga mara moja, kwenye kiroba. Makuli wa stendi wakakitupa kiroba ndani ya buti la basi, juu yake wakaweka tairi la pikipiki, pembeni wakaweka dumu la mafuta ya taa lenye mfuniko mbovu. Kilifika nusu, na hiyo nusu ilinuka mafuta ya taa. Mama mkwe wa dada akaunusa, akauliza mbele ya watu, "Kwenu uji mnaupikia ndani ya koroboi?"

Mama aliambiwa hayo kwa simu. Alikaa mlangoni akapepeta ulezi mpya, akauosha, akauanika, akaukaanga kidogo, kisha akaupeleka mashineni ukasagwa mara mbili, mpaka ukawa laini kama poda. Asubuhi akanipa ndoo na maneno machache: "Ufike kama ulivyo." Yeye akaenda sokoni kwenye nyanya zake.

Sasa, kufika kama ulivyo ni kazi, na mimi nilidhani nimepata njia. Muhula ule kidato cha tatu tulikuwa tunasoma msamiati wa Kiingereza wa usafirishaji. Mwalimu wetu, ambaye mzigo mkubwa kuliko yote aliowahi kuusafirisha ni godoro lake kutoka Maganzo, alitufundisha kama mtu mwenye meli tatu bandarini. CARGO ni shehena. DISPATCH ni kutuma. DELIVERY ni kufikisha. Anayetuma mzigo anaitwa CONSIGNOR, anayeupokea anaitwa CONSIGNEE.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na anayeuiba anaitwaje?"

Nilimalizia kipindi nikiwa nimepiga magoti nje. Lakini elimu haina ubaguzi, huingia hata kwa magoti. Mbele ya shule yetu yanapita malori makubwa yanayoelekea mgodini, na kila kasha limeandikwa na kuchorwa: mishale ya kuonyesha upande wa juu, glasi ya kuonyesha kitu hiki huvunjika, mwavuli wa kukataza kisiloweshwe. Na niliwahi kuona makasha hayo yakishushwa. Watu wazima wenye vitambi wanayashika kama wanashika kichanga. Nikajiambia, kumbe makuli wetu siyo wabaya, ila hawajaandikiwa.

Kwa hiyo nikaandika. FRAGILE, kwa herufi za kupiga kelele. THIS SIDE UP, na mishale miwili. HANDLE WITH CARE. KEEP DRY, na mwavuli. Nikachora glasi. Nikaandika CONSIGNEE na jina la dada. Nikaandika GROSS WEIGHT, yaani uzito wote, na kwa kuwa sikuwa na mizani nikajaza HEAVY, mzito. Kisha nikaona neno EXPORT, la mizigo iendayo nje ya nchi, linapendeza, nikalizungusha kwenye ndoo yote kama mkanda. Ikabaki nafasi kwenye mfuniko. Nafasi ikibaki, mwenye akili huiacha. Mimi nikachora pembetatu yenye alama ya mshangao, kama ile ya malori ya kemikali, nikaipeleka ndoo kwenye basi nikitembea kifua mbele.

Konda wa basi la Runzewe aliinama, akaizunguka ndoo mara mbili.

"Dogo, hii ni glasi ya nini? Mnatuma pombe?"

"Ni alama, kaka. Maana yake inavunjika."

"Ndoo ya plastiki inavunjika? Na huu uyoga?"

"Mwavuli."

"Huu? Huu ni uyoga."

Akamwita kuli aipakie. Kuli akanyoosha mkono, akaiona pembetatu, akaurudisha mkono mfukoni. "Mimi nina watoto," akasema. Kuli wa pili akasema yeye hana watoto ila anategemea kuwapata. Abiria wakaanza kuchungulia madirishani. Na stendini kwetu watu wakishachungulia kitu, hapo hapo anatokea mgambo.

Mgambo wetu ana filimbi isiyolia, kwa hiyo akifika mahali hulazimika kusema mwenyewe, "Prii!"

"Prii! Nini hiki?"

"Ulezi, afande. Wa uji."

"Uji unaenda EXPORT?"

"Ndiyo, afande."

"Export ya wapi?"

"Runzewe."

Watu walicheka mpaka dereva akazima redio asikie. Mgambo hakucheka. Alifungua mfuniko taratibu, uso ameugeuza pembeni, halafu akatazama ndani, na kicheko chote kikakatika.

Niwaeleze wasioishi kwetu. Kwetu mtu akiona kitu laini chenye rangi kati ya kijivu na kahawia, kimesagwa vizuri, kimejaa kwenye ndoo, hafikirii tumbo. Anafikiria mawe. Mawe ya dhahabu yakishasagwa kwenye karasha hutoka hivyo hivyo, na ukikutwa unauhamisha mchanga wa namna hiyo bila karatasi za serikali, utalala kwingine. Sasa weka mchanga huo ndani ya ndoo, juu yake andika kwa Kiingereza kwamba unakwenda nje ya nchi. Nilikuwa nimejiandikia mashtaka kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri.

"Makinikia," mtu mmoja akanong'ona, na neno hilo la mchanga wa dhahabu likazunguka stendi nzima kabla hajafunga mdomo.

Akajitokeza mzee mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, wa aina ile ambayo haikuwahi kupata kitu lakini inajua kila kitu. Akachota unga kidogo, akausugua kwa vidole, akauinua juani. Maganda ya ulezi, Mungu ayasamehe, yakametameta.

"Haya ni marudio," akatangaza. "Mchanga uliokwisha kuoshwa, ukabaki na mali ndani. Na umesagwa mara mbili."

"Kweli kabisa, mzee," nikasema, nikifurahi kupata mtu anayenielewa. "Mama aliusaga mara mbili."

Mgambo akageuka. "Mama yako ana karasha?"

"Hana, afande. Ni mashine ya jirani."

"Kwa hiyo mko wengi."

Wakati huo nikahisi pumzi ya mtu sikioni. Ni broka mmoja, hawa wanunuzi wa dhahabu wanaozunguka na mizani ndogo mfukoni. Akaniuliza bila kutikisa midomo, "Dogo, humo mna gramu ngapi?"

"Mama alisema kilo kumi hivi."

Ilibidi ashike bodi ya basi.

Mzee akasema ubishi wa nini, dhahabu huoshwa ikaonekana. Muuza vyombo wa pale pembeni akatoa karai jipya lenye karatasi ya bei. Mzee akachota bakuli la unga wa dada yangu, akamimina ndani ya karai, akaongeza maji, akaanza kulizungusha kwa ile mikogo yao, kiuno kidogo, mkono kidogo, kama anamchezesha mtu muziki. Dhahabu ikioshwa huzama chini, uchafu ukatoka na maji. Unga wa mama haukuzama wala haukutoka. Ulivimba.

"Mzee, tia sukari," akasema mama lishe mmoja.

"Aina hii ni ngumu," mzee akajibu, jasho linamtoka. "Ongeza mzigo."

Akachota bakuli la pili. Akachota la tatu. Mpaka hapo nilikuwa nacheka na wenzangu, nakiri, maana hata mimi sijawahi kuona mtu akitafuta dhahabu ndani ya kifungua kinywa. Ila lilipoingia bakuli la nne nikatazama ndoo, nikaona unga umeshuka chini ya mdomo wake kwa kiganja kizima. Hicho kiganja ni asubuhi za dada. Dereva akapiga honi. Basi la Runzewe ni moja kwa siku, na likiondoka bila ndoo, kesho mama mkwe atasema hata ule wa koroboi ulikuwa nafuu, leo hawajatuma kabisa.

"Mzee wangu, acha," nikasema. "Ni unga wa mzazi. Dada amejifungua."

"Kila mwizi ana dada," mgambo akasema.

Majibu huwa sikosi, lakini safari hii niliivuta ndoo kwangu. Moshi wa basi ulikuwa mwingi macho yakaniwasha. Ulikuwa moshi.

Sijui nani alimfuata mama sokoni. Niliona tu watu wanapisha, na yeye anakuja na kanga yake kiunoni, mikono bado ina vumbi la nyanya. Hakukimbia. Alifika, akapiga goti kidogo mbele ya mchimbaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," mzee akaitikia, akimwita mama kwa kilugha, karai mkononi.

Mama akatazama ndani ya karai. Akatazama ndoo, akaisoma yote kwa kuizunguka, ijapokuwa Kiingereza hakijui. Akanitazama mimi, sehemu ambayo nisingependa kuieleza. Kisha akamrudia mzee.

"Umepata?"

"Bado."

"Ukipata utuite."

Watu wakaanza tena kucheka, ila kwa chini, kwa adabu. Mama akamgeukia mgambo.

"Baba, mke wako alipojifungua alikunywa nini?"

Mgambo akaweka filimbi mdomoni, akaitoa. "Uji."

"Wa rangi gani?"

Mgambo akaitazama ndoo kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. "Wa... rangi hii hii, mama."

"Haya."

Akafunga mfuniko, akaupigapiga kwa kiganja mpaka ukakaa. Alijaribu kufuta EXPORT kwa pindo la kanga na mate, lakini maka peni ile ilikuwa ya serikali, haikutoka. Basi akaifungua kanga kiunoni, akabaki na gauni lake la sokoni, akaivingirisha ndoo yote, Kiingereza na uyoga vikafunikwa, akafunga fundo juu. Akasema kwa sauti ya kawaida, kuelekea madirisha ya basi, "Jamani, huu ni unga wa mzazi, unashuka Runzewe."

Mkono wa mwanamke mmoja ukatoka dirishani. "Lete nipakate, mama." Wa nyuma yake akasema yeye anashuka huko huko, atamkabidhi mtu mkononi. Konda, ambaye dakika chache kabla alikuwa anaiogopa, akaibeba mwenyewe na kuingia nayo akisema, "Pisheni, pisheni, mzazi huyu." Basi likaondoka.

Kuhusu kile kilichobaki kwenye karai: karai lilikuwa jipya, na mama lishe hapendi hasara ya mtu mwingine iende bure, akauweka uji ule jikoni. Mgambo alikunywa vikombe viwili. Mzee naye alikunywa, ila mpaka leo anashikilia kwamba alisikia chembe kwenye meno.

Mama akaniashiria tuondoke. Tulirudi sokoni, nikapanga nyanya, nikasema vichekesho viwili vizuri sana, havikununuliwa. Nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nyumbani nikachota maji bila kutumwa, jambo ambalo lilimtia wasiwasi hata mbwa. Kila simu ya jirani ilipolia nilidhani ni Runzewe.

Jua linazama ndipo simu ya mama ikalia. Akaweka sauti ya wazi.

"Mama, unga umefika," dada akasema.

"Mzima?"

"Mzima. Umepungua kidogo juu, lakini haunuki kitu. Nimeshakunywa vikombe viwili, na mtoto amenyonya mpaka amelala mdomo wazi."

Mama akafumba macho. Nikadhani yameisha. Hayakuwa yameisha, maana dada alishusha sauti.

"Ila, mama, hii ndoo mliitoa wapi? Mama mkwe ameifungua kanga, akaona maandishi, akakaa chini. Sasa ameita majirani. Anawaambia wakwe zake wanasaga unga wa kupeleka nje, na huu ulichepushwa kwa ajili ya mjukuu wake. Amekataza ndoo isioshwe, alama zisije zikafutika. Na anauliza kama mnaweza kutuma nyingine."

Nilitazama ukuta. Nilijua nikitazama mahali pengine popote nitacheka, na wakati wa kucheka ulikuwa bado haujatangazwa.

Mama akaaga, akazima simu, akaingia ndani. Nikasikia vyombo vikisogezwa. Akatoka na ndoo nyingine nyeupe, akaiweka mbele ya miguu yangu, na akasema maneno haya, sijaongeza wala sijapunguza:

"Kesho nasaga mwingine. Andika kama ulivyoandika, hiyo pembetatu yako usiirudie, na mwavuli uuchore vizuri, kwa sababu ule hata mimi nilijua ni uyoga."