Utafiti Wangu wa Viti Vitupu

Nilirudi Kolwezi na diploma ya uhandisi niliyoitafuta kwa jasho langu mwenyewe, na sikumwacha mtu yeyote aisahau. Wiki ya kwanza tu katika shule ya ufundi nilikopewa kazi niliona ajabu: nusu ya darasa la umeme haipo. Kwa nini? Nilitaka sana kujua. Nikatunga dodoso safi, nikawapa wanafunzi waliobaki. Swali la kwa nini wenzao wameondoka, wote waliliacha wazi. Basi nikaandika kwamba wanamwogopa mwalimu wao, Tata Muteba, na kwamba ufundishaji wake mbovu ndio unaowakimbiza vijana. Nikapendekeza aachishwe kazi.

Mkutanoni niliisoma ripoti nzima, majedwali yote, kifua mbele. Mkuu wa shule akaniuliza:

"Tata Enjenia, bale balienda, ulibauliza?"

"Sikujua waliko, mama."

"Ee, banafunzi balinyamaza juu ya woga," Muteba, aliyekaa kando yake, akasema. "Bale balienda beko ku gare, banangojea treni. Banabafukuza mu muji juu ni Bakasai, kabila ya jimbo ingine. Mi naendaka kubafundisha kule kila siku."

Akafungua mfuko wake, akaweka juu ya ripoti yangu madaftari ya wale vijana wa stesheni, aliyoyasahihisha jana.