Kunguru wa Mama Jasuben

Jamani, kuna watu wabishi, halafu kuna Mzee Vinubhai wa Old Kampala. Ameuza vitambaa maisha yake yote, na hajawahi kukubali kwamba kitambaa fulani kimekwisha dukani. "Kipo, kinakuja," humwambia mteja. Mkewe, Mama Jasuben, alipofariki kule hospitali ya Mulago, Mzee akaleta ubishi ule ule.

Mimi ni Kulusum, Mnubi wa Bwaise. Nimewapikia hawa watu tangu binti yangu Husnah hajaanza kutembea. Dini yangu Uislamu, lakini mambo ya nyumba yao ya Kihindu nayajua. Matanga yakikaribia kwisha, humwekea kunguru chakula alichokipenda marehemu. Kunguru akila, roho imeridhika, imeshika njia yake. Akikataa, basi kuna jambo linamsumbua marehemu, na wafiwa wamtolee ahadi.

Haya. Mzee akapanda juu ya paa la saruji na wali na dengu, akaapa hatatia kitu mdomoni mpaka kunguru ale. Mtu wa sukari huyo! Daktari keshamkataza kukaa na njaa.

Basi aje kunguru? Wapi! Likaja kaloli, lile dege la jalalani lenye upara, likafagia sahani nzima. Nikapika tena. Likarudi, safari hii na mwenzake. Astaghfirullah! Nikalirushia ndala, ikaangukia kwa jirani.

Mzee yeye ni kuahidi tu. "Jasu, nitapaka hekalu rangi. Jasu, nitakwenda Gujarat kumwona dada yako." Sukari inamshuka, jasho linamtoka. Nikachoka mimi!

"Mzee, huyo mama alisumbuliwa na rangi ya hekalu lini? Kila siku alikuwa ananiambia, Kulusum, nikifa, huyu hatakula. Mwahidi utakula, yaishe!"

Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akasema polepole, "Jasu, nitakula."

Nikaweka sahani ya tatu; kaloli likashuka, likameza kila kitu. Nikalilaani kwa Kinubi, nikamalizia kwa Kiganda. Mzee akanishika mkono.

"Mwache, Kulusum. Pandit wetu pale hekaluni anafundisha kwamba roho ni moja ndani ya kila kiumbe. Kama imo ndani ya kunguru, ndani ya huyu itakosaje?"

"Ala! Na asubuhi yote hii tumekaa juani, hukulijua hilo?"

"Nililijua tangu mtoto," akasema. "Sikutaka aende."

Nikashuka, nikamletea sahani yake. Akala palepale, tonge kwa tonge, machozi yakimdondokea kwenye dengu. Na mimi niliyeshinda na hasira, nikaketi chini nikaangua kilio, namwita mama wa watu kwa jina.

Mzee akaweka sahani kando, akanipangusa uso kwa ncha ya shati lake.

"Basi, binti yangu," akasema. "Mwache aende."