Kioo cha Herufi za Mama

Mama alipopatwa na kiharusi, mimi nilikuwa Gitega, mtaa wa Nyamugari, ambako nina karakana ndogo nyuma ya nyumba. Natengeneza redio, pasi, cherehani, chochote ambacho mwenyewe bado hajakikatia tamaa. Mama alikuwa Muyinga, katika nyumba tulimozaliwa, akitunzwa na mdogo wangu wa kike. Nilipofika nilimkuta amelala chali, mkono wa kulia hausogei, mdomo umekwenda upande. Macho yake yalikuwa yaleyale. Yalinifuata toka mlangoni hadi nilipokaa.

Kilichokuwa kimepotea ni maneno. Alikuwa na sauti moja tu, kitu kama "eh" ndefu, na hiyo moja alilazimika kuitumia kwa kila jambo: maji, mto, shuka, mtu asiyemtaka chumbani. Mdogo wangu alikuwa akimwinamia sikioni na kuita, "Mama! Unataka chai? Mama! Nikugeuze?" Majirani waliokuja kumjulia hali nao walifanya vivyo hivyo, kila mmoja akipaza sauti kuliko aliyemtangulia. Mama alisikiliza yote, kisha akafumba macho kwa uchovu.

Muuguzi aliyekuwa akija kumnyoosha viungo ndiye aliyenipa wazo. Alisema amewahi kuona mgonjwa wa namna hiyo akiwekewa herufi mbele yake: anaitazama herufi anayoitaka, na mtu wa pili anayafuata macho yake. Siku ileile nikachukua boksi la katoni, nikaandika herufi, nikalisimamisha mbele ya mama. Mara moja nikaona kosa langu. Katoni ilimficha. Nikikaa mbele siyaoni macho yake, nikikaa pembeni sijui anatazama wapi. Kilihitajika kitu kinachopitisha macho pande zote mbili.

"Chukua kioo cha dirisha," nikawaza kwa sauti.

"Kioo juu ya kitanda cha mama?" mdogo wangu akasema. "Kikivunjika je, kaka?"

Basi nikarudi Gitega kutafuta pleksi, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Mjini kuna duka dogo linalotengeneza mihuri na vibao vya milangoni, na ndani yake mashine ya leza inayokata kwa mwanga. Mwenye mashine ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, ambaye hapokei kazi kabla hajaihoji. Nilimpa mchoro wangu: ubao wa upana wa mkono mmoja, pembe za mviringo, tundu kubwa katikati ili nyuso mbili zionane, herufi kuzunguka tundu lile, na miguu miwili ya kuchomeka chini ili usimame wenyewe juu ya meza ya kitandani.

"Papa, miguu itaingia wapi?" akaniuliza.

"Hapa, kwenye hizi nafasi. Nimeziandika milimita tano, kama unene wa pleksi."

Akacheka kidogo. "Tano ya karatasi. Mi nikipima hii yenyewe, haifike tano. Tena moto nao unakula kidogo. Ukikata tano, miguu itacheza-cheza. Bon, tukate kwanza kipande ya kujaribu."

Akakata kipande kidogo chenye nafasi tatu, kila moja nyembamba kuliko mwenzake kwa unywele. Ya kwanza ililegea. Ya tatu ilikataa kabisa. Ya kati ilipokea mguu kwa sauti ndogo, tik, ukakaa. Nimefanya kazi za mikono maisha yangu yote, na bado sauti ile ilinifurahisha kama mtoto. Kazi ilipokwisha alibandua karatasi ya kinga, nami nikauona mkono wangu ng'ambo ya pili, safi, kama hakuna kitu katikati.

Nilikwenda nao Muyinga umefungwa ndani ya kitenge, nimeuweka magotini njia nzima. Tukamwinua mama kwa mito, nikausimamisha ubao, nikakaa mbele yake.

"Mama," nikasema, "tazama herufi unayotaka. Nami nitaigusa. Nikipatia, fumba macho mara moja. Nikikosea, tazama juu."

Mama akautazama ubao. Akaanza A, akaenda mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayepita sokoni asikokusudia kununua. Kisha akanitazama mimi kupitia lile tundu. Nikangoja. Machozi yakamtoka upande mmoja.

Mdogo wangu akaniita mlangoni. "Kaka, mama hajui hizo."

"Mama anasoma! Kila alfajiri nimemwona anasoma."

"Anasoma msahafu. Hizi hakufundishwa na mtu."

Nilisimama pale nikiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, nikagundua sikuwa nimemwangalia mama yangu vizuri. Kila asubuhi ya utoto wangu kidole chake kilitembea toka kulia kwenda kushoto, na barua alizowaandikia ndugu zake zilikuwa za Kiswahili, lakini kwa herufi zilezile za Kiarabu. Mimi nilitoroka madrasa mapema ili nikacheze mpira, halafu nikaenda skuli, na huko nikaamini kwamba kusoma ni kule kwangu tu. Nilimfuta uso, nikaufunga ubao ndani ya kitenge.

Huko Nyamugari, nyumba ya tatu toka kwangu, anakaa mwalimu wa madrasa. Nilipomweleza, aliinuka, akaleta kalamu ya tete na wino, akaandika herufi ishirini na nane, kubwa, kila moja akiipulizia ikauke.

"Na *pa*? Na *cha*?" nikauliza. "Kiswahili kina sauti ambazo hapa hazimo."

"Mama yako ameandika barua miaka yote hiyo bila kukuuliza wewe," akasema. "Mwache. Atakuonyesha mwenyewe."

Mwenye mashine alizitazama karatasi zile kwa muda mrefu. Yeye ni Mkristo wa kule Mutaho, hakuwahi kuchonga herufi za namna hiyo.

"Mi sijui kusoma hii," akasema. "Lakini mashine nayo haijui kusoma kitu. Yenyewe inafata mustari. Nitaipiga picha, na itachora vile mwalimu aliandika. Sasa niambie: zisomwe na nani? Na yeye ao na we?"

"Na yeye."

"Basi we utaziona kinyume."

"Nitajifunza kinyume."

Miguu ya zamani iliingia kwenye ubao mpya bila shida. Upande wangu nilibandika chini ya kila herufi kijikaratasi chenye herufi ninayoijua, kwa sababu nusu nilikuwa nimezisahau, na sikutaka mama angoje nikikumbuka.

Safari hii mama hakuzipitia kama mtu wa sokoni. Macho yake yaligota mahali pamoja na kubaki hapo. *Nun*. Nikaigusa, akafumba macho. Kisha *sin*. Kisha *kaf*. Kisha *ya*.

"Na, si, ki..." nikasoma, nikijazia irabu mwenyewe, maana herufi zile peke yake hazizionyeshi. "Nasikia. Mama, umesema nasikia?"

Akafumba macho.

Mdogo wangu akaruka kutoka kwenye kigoda. "Mama! Unasikia nini? Unasikia baridi?"

Mama akatazama juu.

"Unasikia njaa? Maumivu? Mgongo?" Kila swali lilitoka kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia, na kila mara mama alitazama juu, mpaka weupe wa macho ukajaa. Halafu akarudi kwenye ubao. *Kaf*. *Lam*. *Lam*.

Tulikaa na herufi zile tatu. Mdogo wangu ndiye aliyeelewa. Aliweka mkono mdomoni, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia ndani ya chumba kile tangu mama augue:

"Kelele. Anasema anasikia. Tunampigia kelele."

Mama akafumba macho, akayaacha yamefumbwa kitambo, na uso wake ukalegea. Siku zote zile, masikio yake yakiwa mazima, tulikuwa tumemfokea kama kiziwi. Mdogo wangu alilia, halafu akacheka, halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida ya binti na mama yake, kama angependa chai. Akataka.

Ubao huo sasa una mikwaruzo. Mara moja mdogo wangu aliufuta kwa spiriti, na nyufa nyembamba zikatokea kandokando ya tundu. Tangu hapo ni maji na sabuni na kitambaa laini tu. Mama hajapona. Mkono haujarudi, na neno moja humchukua muda wa mtu kumenya kiazi. Lakini *ba* yake hutumika pia kuwa *pa*; alituonyesha mwenyewe, kama mwalimu alivyosema, na mdogo wangu anazisoma sasa bila vijikaratasi.

Nilipokwenda mara ya mwisho, nilimkuta mama na mgeni, bibi mmoja jirani aliyesoma naye madrasa wakiwa wasichana. Bibi yule hagusi herufi. Anatazama macho ya mama kupitia tundu na kumalizia neno kabla halijafika nusu, na mama anafumba macho, upesi, anaendelea. Nilisimama nyuma ya bibi nikijaribu kufuata. Nikapata *mim*, nikapata *ra*, nikapotea. Bibi akapiga paja lake, akacheka hadi ushungi ukamwanguka begani, na upande mmoja wa mdomo wa mama ukapanda.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Mambo ya watu wazima," bibi akanijibu, bila kugeuka.

Nikaenda uani kumsaidia mdogo wangu kuanika shuka.